Holman Stadium: uwanja uliozaliwa na geti lililopigwa kufuli

Mechi ilikuwa ichezwe mchana. Mwaka ni 1946, mji ni DeLand, Florida, na wageni ni Montreal Royals, timu ya daraja la chini iliyomilikiwa na Brooklyn Dodgers. Walipofika wakaambiwa hakuna mchezo, taa za uwanja mbovu. Jua liko utosini, mtu anasingizia taa! Hakuna aliyedanganyika. Ndani ya Royals alikuwamo Jackie Robinson, mchezaji Mweusi aliyesajiliwa na Branch Rickey, mkuu wa Dodgers, ili avunje mwiko wa zaidi ya nusu karne wa kuwafungia Weusi nje ya ligi kuu za besiboli. Jacksonville hawakuhangaika hata kutunga uongo: timu ilikuta geti limepigwa kufuli. Sanford, ambako kambi ilianzia, vitisho vya wenyeji vilimng'oa Robinson pamoja na John Wright, mrushaji (anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani), wakahamishiwa Daytona Beach. Timu iliporudi Sanford kucheza, mkuu wa polisi alitaka Robinson atolewe uwanjani, na akatolewa.

Nimeanza na taa za DeLand kwa makusudi. Historia ya Holman Stadium, uwanja mdogo wa mazoezi katika mji wa Vero Beach, kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya urafiki wa wafanyabiashara wawili, kiziwa chenye umbo la moyo na minazi mingi. Vyote hivyo vilikuwapo. Ila bila yale mageti ya 1946, Dodgers wasingekuwa na sababu ya kutafuta mahali pao wenyewe vichakani, kilomita nyingi kutoka mji wowote mkubwa.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu: timu nyingi za besiboli za Marekani zimekulia kwenye miji ya baridi. Februari na Machi theluji bado iko chini, kwa hiyo timu hushuka kusini kuweka kambi, kama Simba au Yanga wanavyoweka kambi kabla ya ligi. Zinazokwenda Florida hucheza mechi za kirafiki wanazoziita Ligi ya Balungi, kwa sababu ya mashamba ya machungwa na mabalungi ya huko. Zinazokwenda Arizona zina Ligi ya Dungusi, kwa ule mmea wa jangwani. Miji midogo huzigombea timu hizi, maana zinakuja na wageni wa kujaza hoteli na migahawa. Lakini timu ikiwa mgeni hufuata sheria za mwenye nyumba, na Florida ya wakati ule sheria ya mwenye nyumba ilikuwa ubaguzi: hoteli mbali, choo mbali, bomba la maji mbali, jukwaa mbali.

Mwaka 1947 Rickey alijaribu kukimbia Florida kabisa. Akapeleka kambi Havana, Cuba. Huko nako kukatokea kioja: kikosi kikubwa kililala Hotel Nacional, hoteli ya kifahari, ilhali Robinson na Weusi wenzake, Roy Campanella na Don Newcombe, walipangiwa hoteli duni katikati ya mji. Huo haukuwa uamuzi wa Wacuba. Rickey mwenyewe aliogopa vurugu ndani ya timu, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwani baadhi ya wachezaji walishaanza kupitisha karatasi ya kumkataa Robinson. Robinson alikasirika, na haki yake. Umevuka bahari kuukwepa ubaguzi, kisha unaupanga wewe mwenyewe mezani mwa mapokezi.

Hapo ndipo anaingia Bud Holman. Alikuwa mtu wa Vero Beach, muuza magari na mfugaji, mwenye mkono pia katika shirika la ndege la Eastern. Mji wake ulikuwa umebaki na mzigo: kituo cha mafunzo ya marubani wa jeshi la majini kilichokwisha kazi vita vilipomalizika. Mabweni matupu ya ghorofa mbili, bwalo, barabara, ardhi tambarare, na uwanja wa ndege pembeni. Holman akawaita Dodgers waje waone. Rickey alipopata taarifa ya mahali hapo aliona kitu ambacho hoteli yoyote ya Florida isingempa: kituo kizima ndani ya mpaka mmoja, ambamo timu ndiyo ingekuwa mwenye nyumba. Mchezaji Mweusi angelala kwenye bweni moja na mzungu, angeshika sinia kwenye foleni moja ya chakula, na polisi wa mji asingekuwa na la kusema.

Walianza mwaka 1948. Kikosi kikubwa kilifanya sehemu kubwa ya kambi Jamhuri ya Dominika, kisha kikapitia Vero Beach mwishoni. Tarehe 31 Machi, Dodgers walicheza na Royals hapo kambini, na Robinson alipiga mpira ukaenda mbali kiasi cha kumwezesha kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani bila kuguswa. Uwanja wenyewe wakati huo ulikuwa wa kujishikiza. Eneo likabatizwa Dodgertown, mji wa Dodgers, na jina halikuwa la mbwembwe.

Rickey alipaendesha kama kiwanda. Dodgers walikuwa na timu za daraja la chini zaidi ya ishirini, na vijana kwa mamia walimiminika pale kushindania nafasi. Palikuwa na mashimo ya mchanga ya kujifunzia kuteleza kuingia kituoni, mashine za kurusha mipira, na kile kifaa ninachokipenda kuliko vyote: nyuzi. Chukua nguzo mbili, zisimamishe mbele ya mdakaji, yule anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji. Funga uzi mmoja wa kulala usawa wa magoti ya mpigaji, mwingine usawa wa kifua, kisha mbili za kusimama kwenye upana wa kibao cha nyumbani, kile kinacholala chini mbele ya mpigaji. Una dirisha la hewa. Mrushaji anasimama kilimani mwake na kupitisha mpira dirishani, tena na tena, mpaka mkono ukariri. Hakuna mwamuzi wa kubishana naye. Uzi ukitikisika, umeonekana. Kifaa cha shilingi mbili, na kilifundisha vizazi. Sandy Koufax, aliyejiunga mwaka 1955 akiwa na mkono wa radi lakini hajui mpira utaangukia wapi, alijifunzia kwenye kambi hiyo. Mwaka 1961, wakati wa mechi za kambi, mdakaji Norm Sherry alimshauri apunguze nguvu kidogo. Kilichofuata ni mojawapo ya vipindi vikali zaidi vya mrushaji yeyote katika historia ya mchezo huo.

Sasa uwanja wenyewe. Mwaka 1950 Rickey aliondoka na Walter O'Malley akashika timu. O'Malley, mwanasheria wa New York, aliipenda Vero Beach kuliko mtangulizi wake. Mwaka 1952 alitia saini mkataba wa miaka 21 na mji: kodi dola 1 kwa mwaka, pamoja na mapato ya mechi moja ya kirafiki kwa ajili ya uwanja wa ndege. Kwa upande wake, Dodgers wangejenga kwa fedha zao. Kazi ya kusanifu akapewa mhandisi Emil Praeger, kapteni wa jeshi la majini.

Praeger hakusimamisha jengo. Alichimba shimo na kumwaga udongo wake pembeni. Shimo likawa lile ziwa la umbo la moyo; udongo ukawa tuta lililopinda kama kiatu cha farasi, na viti vikapangwa juu ya ngazi za zege zilizolala kwenye mgongo wa tuta hilo. Hakuna nguzo, hakuna paa, hakuna kinachomzuia mtu kuona. Hata mabenchi ya wachezaji hayakuwa na paa: nyota wa ligi alikaa juani kama shabiki wake, umbali wa mkono kutoka safu ya kwanza, na mtoto angeweza kuinama kumwomba saini bila kunyanyuka kitini. Nyuma kabisa ya kiwanja, badala ya ukuta, kulikuwa na tuta la nyasi lililopandwa minazi. Gharama ilikuwa kama dola 100,000 na nafasi ya watu wapata 5,000, baadaye 6,500. Miaka tisa baadaye Praeger huyohuyo aliwakamilishia Dodgers uwanja wao mkubwa wa Los Angeles, na huko nako aliegemeza majukwaa kwenye kilima. Ukiviona viwili hivyo pamoja unatambua mkono ni mmoja.

Holman Stadium ulifunguliwa tarehe 11 Machi 1953, Dodgers wakicheza na Philadelphia Athletics. Ulipewa jina la Bud Holman, naye akiwa hai. Na ndani ya uwanja huo mpya, uliojengwa na timu ya Robinson kwa fedha ya timu ya Robinson, mashabiki Weusi walitengewa sehemu yao kwenye pembe ya upande wa kulia. Wengi wao walitoka Gifford, makazi ya Weusi kaskazini kidogo ya mji.

Hapa ndipo napenda kusimama kidogo, maana masimulizi mengi hupita mbio. Inasemwa kwamba Dodgertown ilikuwa kisiwa cha usawa katikati ya kusini ya kibaguzi. Ukiwa bwenini au bwaloni, kauli hiyo ina ukweli mkubwa, na wachezaji Weusi wenyewe waliithamini. Lakini kisiwa kilikuwa na ufukwe wake. Ukitoka getini hukupata kinyozi, wala mgahawa, wala kiti cha sinema nje ya sehemu ya Weusi. Na jukwaani, ambako mji uliingia ndani ya kambi kwa tiketi, sheria ya mji iliingia pamoja nao. Mchezaji alikuwa huru kwenye nyasi, na shangazi yake wa Gifford alikaa pembeni, palepale chini ya jua moja. Dodgers walipowapa wachezaji hifadhi walikuwa wanalinda mali yao. Ugomvi na mji juu ya viti haukuwa na faida ya moja kwa moja kwao, kwa hiyo haukuanzishwa. Sisemi hili kumdhihaki O'Malley. Mwaka 1953 karibu kila uwanja wa Florida ulikuwa hivyo. Nasema tu kwamba mwaka huo kiwanja kilikuwa kipya, tuta lilikuwa bichi, na mtu alikaa akachora mahali pa kuwaweka.

Hali ilibaki hivyo hadi 1962. Mwaka huo mkurugenzi mpya wa Dodgertown alikuwa Peter O'Malley, mtoto wa Walter, umri miaka 24. Wachezaji Weusi wa kizazi kipya, akina Tommy Davis na John Roseboro, hawakuwa na subira ya waliowatangulia, nao walisema waziwazi. Peter aliagiza mabango ya kutenganisha viti, vyoo na mabomba ya maji yaondolewe. Yakaondolewa. Lakini mashabiki wa Gifford walipoingia walielekea kwenye pembe yao ileile ya kulia, kwa mazoea na kwa hofu yenye sababu zake. Ikabidi wachezaji wenyewe wawaambie kuwa sasa wanaweza kukaa popote. Naiona picha hiyo kuliko zote za uwanja huu: mchezaji amevaa jezi, amesimama juu ya zege, anawasihi watu wazima wahame viti walivyofundishwa kuwa ndivyo vyao. Sheria ya nchi nzima kuhusu haki za kiraia ilikuja 1964.

Ya katikati nitayapitisha haraka. Maofisa wa shirikisho wa usafiri wa anga walianza kuhoji kwa nini ardhi ya kiwanja cha ndege inapangishwa kwa dola 1, na ubishi huo ukaisha mwaka 1965 O'Malley alipoinunua moja kwa moja kwa dola zaidi ya 130,000. Kwa kuwa viwanja vya gofu vya mji havikuwapokea wachezaji Weusi, alijenga cha kwake. Mwaka 1972 mabweni ya jeshi, yaliyokuwa yakipitisha baridi usiku, yalibadilishwa kwa nyumba ndogo 90 za kisasa. Barabara zikapewa majina ya wachezaji na watangazaji, na taa zake zikawekewa vioo vya mviringo vilivyochorwa mishono myekundu, kila mlingoti ukibeba mpira wa besiboli. Campanella, aliyepooza kwa ajali ya gari Januari 1958, alirudi miaka mingi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akikaa na wadakaji vijana kuwafundisha.

Swali gumu ni jingine: kwa nini walikaa muda wote huo? Dodgers walihama Brooklyn kwenda Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Tangu hapo, kati ya timu na kambi yake kulikuwa na bara zima. Shabiki wa California akitaka kuiona timu yake Machi alihitaji tiketi ya ndege na likizo, ilhali Arizona ingekuwa mwendo wa saa tano au sita kwa gari. Kwa hesabu ya biashara wangehama mapema. Hawakuhama kwa sababu familia ya O'Malley ilimiliki kila kitu: timu, ardhi, nyumba, hata ndege ya kusafirishia wachezaji. Mwenye nyumba haulizi kodi. Na kwa miongo miwili ya mwanzo, pengine zaidi, kulikuwa bado na ile sababu ya asili, kwamba kambi iliyofungwa ilimpa kila mchezaji kitanda na sahani bila kumuuliza rangi.

Sababu zote mbili zilikwisha, moja polepole, nyingine kwa mpigo. Ubaguzi wa kisheria ulipoondoka, hoteli yoyote ya Florida au Arizona ingempokea mchezaji yeyote. Kisha mwaka 1998 familia iliuza timu kwa Fox, kampuni ya televisheni na filamu. Mmiliki mpya aliyatazama mahesabu akaona ardhi ambayo haizalishi mno iliyo mbali na soko lake. Kaunti ya Indian River ikaogopa. Mwaka 2001 ikanunua Dodgertown kwa dola milioni 10 na kuwapangisha Dodgers kwa mkataba wa miaka 20.

Nadhani hapo kaunti ilikosea, ingawa ni rahisi kusema leo. Ilidhani kinachowashika Dodgers ni majengo, ikayanunua majengo. Kumbe kwa kuinunua ardhi iliwavua kamba ya mwisho: hadi jana yake walikuwa wenye nyumba, kesho yake ni wapangaji, na mpangaji huangalia kwingine. Frank McCourt alinunua timu mwaka 2004. Mji wa Glendale, Arizona, ukakubali kujenga kituo kipya cha zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya Dodgers na Chicago White Sox, chenye nafasi ya watu 13,000, mara mbili ya Holman Stadium. Kaunti ndogo ya machungwa haikuwa na jibu kwa hilo. Mkataba wa miaka 20 haukufika hata nusu.

Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 17 Machi 2008 dhidi ya Houston Astros. Hata siku hiyo timu ilikuwa imegawanyika. Kocha Joe Torre alikwenda na kundi moja Beijing kucheza mechi za kuutangaza mchezo China, na Tommy Lasorda, mwenye miaka 80, akaachiwa kusimamia waliobaki Florida. Carl Erskine, mrushaji wa enzi za Brooklyn, alipiga wimbo wa taifa kwa kinanda cha mdomo. Dodgers walifungwa 12 kwa 10. Nilipokuwa napanga tarehe hizi nikaona jambo: tarehe 17 Machi, miaka 62 kamili nyuma yake, ndiyo siku Robinson alipocheza Daytona Beach, mji wa Florida uliokubali kumfungulia geti. Ni bahati tu ya kalenda, lakini sikuweza kuipita.

Baada ya hapo palikuwa na mtikisiko. Baltimore Orioles walizungumza na kaunti, kisha wakaelekea Sarasota. Mwaka 2009 chama cha ligi za daraja la chini kilichukua uendeshaji, na baadaye Peter O'Malley mwenyewe akarudi kuokoa mahali pake, pamoja na dada yake Terry Seidler na warushaji wawili wa zamani wa Dodgers, Hideo Nomo wa Japani na Chan Ho Park wa Korea Kusini. Palipewa jina Historic Dodgertown na kuendeshwa kwa kupangisha: timu za shule, timu za Asia, mashindano ya vijana. Mwaka 2019 paliingizwa kwenye njia ya kumbukumbu ya harakati za haki za kiraia ya Marekani, na mwaka huohuo Major League Baseball, chombo kinachoendesha ligi kuu, ikapachukua kwa programu zake za vijana.

Dodgers nao wanaendelea na safari yao. Mwaka 2022 walisajili vijana wawili kutoka Uganda, jambo ambalo Rickey mwenyewe asingeliota. Kambi ya timu yao iko Glendale, kwenye dungusi.

Vero Beach, jina kwenye lango sasa ni Jackie Robinson Training Complex. Robinson aliweka kambi pale tangu 1948, lakini Holman Stadium wenyewe aliuchezea kambi nne tu, 1953 hadi 1956, kisha akastaafu. Katika zote nne, watu wa Gifford walimtazama kutoka pembe ya kulia.